Pishi ya Petroli: Safari Yetu ya Chokocho

Mtu wa Pemba hana haja ya kufundishwa heshima ya kipimo. Amezaliwa katika kisiwa ambacho karafuu mbichi hupimwa kwa pishi, ili mchumaji apate ujira wake, na karafuu kavu hupimwa kwa mizani kituoni, ili mwenye shamba apate fedha yake. Kibaba, pishi na frasila ni maneno aliyoyasikia kabla hajajua kusoma. Kila mwisho wa Ramadhani huona mchele wa fitri ukipimwa nyumbani kwao, na hapana mtu anayethubutu kusema, "Tia tu, utatosha."

Lakini kuna kitu kimoja ambacho watu hao hao hukinunua kwa bei kubwa, kisha hukitumia bila ya kukipima. Kitu hicho ni petroli. Pale kituoni, ni kweli, pampu huhesabu lita na shilingi. Lakini ikishaingia katika tangi la gari hapana aijuaye habari yake tena mpaka ikwishe. Huingia gizani, huchomeka gizani, na mwenye gari hubaki akiutazama mshale mmoja unaoshuka, ambao nao mara nyingi husema uwongo.

Katika makala haya twataka kuwasimulia habari ya kipimo kidogo tulichokiona ndani ya pikapu moja kuukuu katika kijiji cha Chokocho, kusini mwa Pemba; na habari ya nyumba moja ambayo kipimo hicho kilikaribia kuitia ufa, kisha kikasaidia kuuziba. Majina ya watu hao hatutayataja, kwa kuwa si ya kutajwa. Jambo lenyewe latosha.

NJIA YA KWENDA CHOKOCHO

Tulitoka Chake Chake asubuhi kwa barabara kuu iendayo Mkoani. Wageni wa zamani kutoka Bara Arabu walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na asiyejua sababu na apite njia hii baada ya mvua. Unguja ni tambarare kwa sehemu kubwa. Pemba ni vilima na mabonde, kilima juu ya bonde, bonde chini ya kilima. Juu mikarafuu na minazi, chini mipunga. Barabara hupanda, hushuka, hupinda, kisha hupanda tena. Atembeaye kwa miguu huyajua haya kwa magoti yake. Aendaye kwa gari huyajua kwa mfuko wake.

Tulipita Mtambile, kisha tukaiacha barabara kuu na kuelekea pwani ya kusini. Hewa hubadilika kabla ya macho kuona bahari. Harufu ya chumvi na matope ya mikoko hukujia kwanza. Chokocho ni shehia ya Wilaya ya Mkoani, katika Mkoa wa Kusini Pemba, na ni mlango wa watu wa Kisiwa Panza. Mgonjwa, bibi harusi, gunia la mchele, bati la kuezekea, na pweza aliyevuliwa leo asubuhi, vyote hupita ufukoni hapa kwa mashua na madau.

Na hapa saa ya mkononi haina amri. Amri ni ya maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku moja na usiku wake, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Chombo kilichofika leo saa tatu, kesho huenda kikafika karibu na saa nne. Siku za bamvua, maji yapwapo mbali na miamba kuonekana, pweza huwa wengi na mzigo huwa mzito. Siku za maji mafu mzigo hupungua. Kwa hiyo dereva wa Chokocho hana ratiba ila ya mwezi uliopo mbinguni. Jambo hili tumelitaja kwa makusudi, na msomaji atalikuta tena mbele.

Watu wa upande huu si wageni wa kujizuia kwa hesabu. Katika miaka ya 2010 watu wa Kisiwa Panza walikubaliana kuifunga sehemu ya miamba yao kwa muda, pweza asivuliwe, ili akue. Kisha wakaifungua na kupima walichokipata. Mwenye kuvumilia akapima huona tofauti kwa macho yake, wala hahitaji kuhubiriwa.

PETROLI HUVUKA BAHARI

Yafaa vijana wetu wakumbuke kwamba katika Pemba hapana tone la petroli lililotoka ardhini mwake. Lote huvuka bahari. Bei yake hutangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka inayosimamia maji na nishati katika Zanzibar, na bei hiyo hufuata mambo yaliyo mbali nasi: vita vya wengine, meli za wengine, na fedha za wengine. Zamani hata taa za Pemba zilitegemea mafuta yaliyovushwa vivyo hivyo, kwani umeme ulitolewa na mashine za dizeli zilizokuwa Wesha. Hata ilipofika mwaka 2010, waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga ukauleta umeme wa bara. Taa zikaachana na dizeli. Magari na mashine za boti bado.

Basi ikiwa bei hatuiwezi, lililobaki mikononi mwetu ni kiasi. Na kiasi hakijulikani ila kwa kupimwa.

TUNDU LILILO CHINI YA USUKANI

Pikapu tuliyoikuta Chokocho ni Toyota Hilux ya petroli, ya mwaka 2006. Rangi imechujuka, mlango mmoja hufungwa kwa kamba, na bodi ya nyuma imepigwa mbao. Lakini mbele ya dereva, juu ya dashibodi, kuna kijisanduku cheusi kisichozidi pakiti mbili za biruni zikiwekwa pamoja, chenye kioo kinachong'aa na tarakimu nne zinazobadilika kila wakati. Waya mwembamba hutoka humo ukaingia katika tundu lililojificha chini ya usukani.

Watu wengi wenye magari hawajui kwamba tundu hilo lipo. Asili yake ni moshi. Mji wa Los Angeles na mingineyo katika jimbo la California ilikuwa imechafukiwa na moshi wa magari, na serikali ya jimbo hilo ikawa ya kwanza kuwalazimisha watengenezaji wa magari watie ndani ya gari kompyuta ijikaguayo. Mwaka 1990 Marekani ilirekebisha sheria yake ya hewa safi, na kuanzia magari ya mwaka 1996 kila gari ndogo na pikapu iliyouzwa huko ilipaswa kuwa na tundu la namna moja, lenye nafasi za pini 16, ili fundi yeyote aweze kuiuliza injini habari zake. Nchi za Ulaya zikafuata, kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo nayo yakatiwa tundu hilo. Basi sheria iliyokusudia kulinda mapafu ya watu ikamfungulia mwenye gari mlango wa kulinda mfuko wake, kwani upesi walitokea watu waliotengeneza vipimo vidogo vya kuchomeka humo, kama kile kiitwacho ScanGauge. Siku hizi vipo hata vifaa vidogo visivyo na kioo, ambavyo hupeleka habari kwenye simu ya mkononi bila ya waya.

Je, kipimo hicho hujuaje petroli iliyochomeka, nacho hakigusi tangi? Huijua kwa hesabu ya hewa. Injini ya petroli ikiwa katika hali yake njema huchanganya gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Katika njia ya hewa kuna kifaa kinachopima hewa iingiayo, nayo kompyuta ya gari huijua. Basi kipimo huuliza: hewa kiasi gani? Tuseme jawabu ni gramu 10 kwa sekunde. Gawanya kwa 14.7, utapata petroli gramu 0.68 kwa sekunde, ambazo kwa saa moja ni kiasi cha gramu 2,450. Lita moja ya petroli ina uzito wa kiasi cha gramu 740. Kwa hiyo gari inakula lita 3.3 kwa saa. Ikiwa wakati huo huo inakwenda mwendo wa kilomita 33 kwa saa, basi inapata kilomita 10 kwa lita. Hesabu yote hii hufanywa upesi, tena na tena, na tarakimu hutokea kiooni.

Msomaji na aishike vyema hesabu hii, hasa pale tuliposema "ikiwa katika hali yake njema". Katika maneno hayo ndimo fitina ilimoingia.

HABARI YA NYUMBA ILE

Pikapu ile iliachwa na mzee mmoja aliyefariki. Warithi wake walikuwa wana wawili wa kiume na binti mmoja, na kwa hesabu ya mirathi gari ikawa mafungu matano: mawili kwa kila mwana, na moja kwa binti. Hawakuiuza. Walikubaliana ifanye kazi ya kuchukua mizigo ya ufukoni kuipeleka Chake Chake, na kila mwezi kitakachobaki baada ya matumizi kigawanywe kwa mafungu hayo.

Dereva wake ni kijana, mtoto wa ndugu yao wa nne, aliyefariki kabla ya baba yao. Wajuao elimu ya mirathi watafahamu kwamba mjukuu huyo hakuwa na fungu, kwa kuwa ami zake walikuwa hai. Alilelewa yatima katika nyumba hiyo hiyo, akajifunza gari katika pikapu hiyo hiyo, na sasa huiendesha kwa mshahara.

Shangazi wa kijana huyo, yaani yule binti mwenye fungu moja, ndiye mwenye daftari. Wahenga walisema: mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Na bibi huyu alikuwa na busara ambayo wengi wenye maduka hawana: hakuandika shilingi peke yake, aliandika na lita, na namba ya kilomita iliyosomeka siku ya kujaza. Faida ya jambo hili ni kubwa. Shilingi zikipanda, kila mtu husema, "Ni bei." Lita zikipanda kwa kazi ile ile, hapana bei ya kusingiziwa, ni gari, au ni mtu.

Naye aliona lita zikipanda. Pikapu iliyokuwa ikipata kilomita 9 kwa lita ilishuka ikapata 8, kisha 7 na kitu. Fungu lake likapungua, na yeye ni mjane mwenye watoto wa kusomesha. Alipowaambia ndugu zake, mkubwa wao hakusita. Alisema petroli inauzwa kwa wenye boti ufukoni.

Twawaomba wasomaji wetu wasimlaumu haraka. Jambo hilo hutokea. Petroli ni rahisi kutolewa kwa mpira na dumu, na mashine za boti huila. Tena kijana alikuwa peke yake ufukoni kila siku. Lakini jambo kutokea kwa wengine si ushahidi kwamba limetokea kwako.

Mtoto wa yule bibi, aliyeko Maskati, aliposikia maneno haya kwa simu, alinunua kipimo tulichokieleza akakileta kwa mkono wa msafiri. Kikachomekwa. Kwa bahati kikaelewana na kompyuta ya gari, maana si kila gari yenye tundu husema lugha ya kila kipimo. Wote wakaridhika kwamba sasa ukweli utajulikana.

Walijaza tangi mpaka juu, wakafanya kazi siku kadhaa, wakajaza tena. Kipimo kilisema injini imekula lita 20. Tangi likapokea lita 23.

Lita 3 ziko wapi? Mkubwa wao aliuliza swali hilo barazani, mbele ya watu. Kijana akajibu, "Ami, Mungu ni shahidi, sikuchukua hata kijiko." Na hapana aliyekuwa na jibu, maana mashine haina ubaya na mtu, na mashine imesema 20.

SHAHIDI HUCHUNGUZWA

Aliyeokoa jambo hili ni yule shangazi. Alisema neno ambalo tumesimuliwa na wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, bila ya kuhitilafiana. Alisema: "Kaka, kwa kadhi shahidi hasikilizwi mpaka aulizwe uadilifu wake. Huyu shahidi wetu tumemjua jana. Nani aliyemchunguza?"

Wakaipeleka gari kwa fundi, Chake Chake. Fundi hakuanza na tangi. Alianza na kioo cha kipimo chenyewe, akabonyeza kuangalia habari ambazo hapana mtu aliyezitazama, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akitazama lita tu. Akaona mambo mawili.

La kwanza, maji ya injini yalikuwa na joto la digrii 60 na kidogo, na hayapandi hata gari ikienda. Injini kama ile yapasa iwe zaidi ya digrii 80. La pili, kipimo kilionyesha kwamba kompyuta ya gari haijaanza kufuata sensa ya oksijeni iliyo katika njia ya moshi. Inamimina petroli kwa kukisia, kama inavyofanya kila injini inapowashwa asubuhi ingali baridi.

Akafungua, akakuta thamostati haipo. Kifaa hiki ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi wa Afrika ya Mashariki hukitoa wakakitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto na haikihitaji. Maneno hayo hupendeza masikioni, lakini si kweli. Joto la nchi ni digrii 30. Injini yataka 80 na zaidi. Injini isiyo na mlango huo, hasa yenye safari fupi fupi za kusimama na kuondoka, hukaa nusu baridi mchana kutwa, na kompyuta yake hudhani kila saa ni alfajiri. Huzidisha petroli.

Hapo ndipo fumbo lilipofumbuka. Kipimo huhesabu kwa kudhani gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Lakini injini baridi haifuati kiasi hicho. Hewa ile ile hutiwa petroli zaidi. Basi kipimo kilipima hewa sawasawa, kikatoa jawabu la petroli lililopungua. Lita zile hazikuibwa. Zilichomwa, na kipimo hakikuwa na njia ya kuzihesabu. Shahidi hakusema uwongo; alisema alichokiona, na watu wakamfanya aseme asichokiona.

Fundi aliongeza jambo la tatu bila ya kipimo chochote, kwa mkono wake tu. Aligusa rimu za magurudumu baada ya safari fupi, akakuta moja la nyuma lina moto kuliko wenziwe. Breki ilikuwa ikishika wakati wote, na gari ikijikokota yenyewe kama punda aliyefungwa mguu.

Thamostati mpya ikatiwa, breki ikarekebishwa. Walipojaza tena mara mbili na mara tatu, kipimo na tangi vikakubaliana, tofauti haifiki nusu lita. Na pikapu ikarudi kukaribia kilomita 9 kwa lita.

SEHEMU YA KIJANA

Lau habari ingeishia hapo ingekuwa tamu, lakini isingekuwa kamili. Kipimo kilionyesha pia jambo lililomhusu kijana. Gari ikisimama na injini inawaka ilikuwa ikila kiasi cha lita 0.9 kwa saa. Naye, kwa sababu ya maji tuliyoyataja, alikuwa akingojea vyombo ufukoni huku injini inanguruma, kwa mazoea, kwa redio, na kwa hofu kwamba betri kuukuu haitaiwasha tena. Dakika 40 za kungoja ni lita 0.6. Kwa safari mbili kwa siku ni lita 1.2. Kwa siku 26 za kazi ni kiasi cha lita 31 kwa mwezi, zilizochomwa bila ya gari kusogea hata hatua moja.

Kijana hakubisha. Alisema, "Hili ni langu." Wakanunua betri, na tangu siku hiyo huzima injini na kukaa chini ya mkungu pamoja na wachukuzi mpaka tanga lionekane.

Na yule ami mkubwa? Alifanya jambo lililotupendeza kuliko yote. Alimtuhumu kijana barazani, basi alimtaka radhi barazani, wakati watu wale wale wamekaa. Wengi wetu hutuhumu hadharani na kutaka radhi faraghani, na hiyo ni mizani yenye kitanga kimoja kizito.

TULIYOYAONA NJIANI

Tuliporudi Chake Chake tulipanda pikapu hiyo, na tukakitazama kipimo kwa macho yetu. Safari yote haikufika kilomita 40, lakini mafunzo yake yalikuwa mengi kwa mwenye kutaka kujifunza.

Katika kupanda vilima tarakimu zilishuka mpaka kilomita 4 kwa lita, na dereva akikanyaga kwa haraka zilishuka zaidi. Akipanda kwa upole, kwa gia iliyofaa, hasara ilipungua. Katika kushuka, akiwa ameliachia kanyagio na gia ingali imeshika, kioo kilionyesha kwamba injini haili kitu. Hili huwashangaza madereva wengi. Wao hudhani kwamba kushuka kwa nyutro, gia ikiwa imeachiwa, ndiko kubana mafuta. Sivyo, kwa injini za injekta za namna hii. Gari ikishuka na gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hufunga petroli kabisa. Ikiachiwa gia, injini hubaki peke yake na hulazimika kula ili isizimike.

Wengine huzidi wakaizima injini kabisa mteremkoni. Twawaonya vijana wetu kwa nguvu zote: msaada wa breki hutokana na injini inayozunguka, na usukani vile vile. Aliyezima injini mteremkoni amejivua breki kwa ajili ya kijiko cha petroli, na nyuma yake wamekaa watu juu ya magunia. Roho ya mtu haimo katika hesabu ya lita.

KWA WASIO NA TUNDU

Huenda msomaji akasema, "Gari yangu ni ya dizeli ya zamani, yenye pampu ya chuma, haina kompyuta wala tundu." Kweli, nazo ni nyingi katika visiwa vyetu. Wala hata dizeli zenye kompyuta hazifai kwa hesabu ya hewa tuliyoieleza, kwa kuwa injini ya dizeli huvuta hewa nyingi wakati wote na hubadilisha kiasi cha mafuta tu.

Kwake twasema: fuata daftari la yule shangazi. Jaza tangi mpaka pampu ijifunge yenyewe, uandike namba ya kilomita. Fanya kazi zako. Jaza tena vile vile, ikiwezekana katika pampu ile ile, uandike lita zilizoingia. Ukienda kilomita 270 na tangi likapokea lita 30, gari yako inapata 9 kwa lita. Usiamini mara moja. Fanya mara tatu au nne, ulinganishe. Na kama umetia mipira mikubwa kuliko ya asili, jua kwamba kilomita zako zinahesabiwa pungufu. Gharama ya kipimo hiki ni daftari moja na kalamu moja. Kipimo cha kioo humwonyesha mtu sababu. Daftari humwonyesha kwamba sababu ipo. Na yule bibi asingekuwa na daftari, hapana ambaye angejua kwamba pana ugonjwa.

NENO LA MWISHO

Ndugu zetu Waislamu, sote twajua kwamba katika Qurani imo sura nzima iliyopewa jina la wapunjao katika vipimo. Mara nyingi tunapoisikia humfikiria mwenye duka na ratili yake. Lakini tuhuma nayo ni kipimo: mtu humpima mwenziwe amana yake na heshima yake. Mwenye kumpunguzia mtu heshima kwa dhana amempunja, hata kama mkononi mwake ana kifaa kipya kutoka ng'ambo chenye tarakimu zinazong'aa.

Kwa wazee wenye magari: kabla ya kumwuliza dereva, iulizeni gari. Tazameni joto la injini, breki na upepo wa mipira. Kwa madereva vijana: msione haya kupimwa. Kipimo kilichomtia yule kijana mashakani ndicho kilichomtoa, na kwa kuwa alikubali lita 31 zilizokuwa zake, hapana anayemwuliza leo habari ya lita 3 ambazo hazikuwa zake. Kwa akina mama wenye kuweka hesabu za nyumba: andikeni lita, si shilingi peke yake.

Petroli iliyochomeka hairudi. Jina la mtu likichomwa, kulirudisha ni kazi ya miaka, na si kila baraza ina mzee mwenye ujasiri wa kuianza kazi hiyo. Mwenyezi Mungu atujaalie kupima kwa uadilifu, na kutosema kabla ya kupima. Amin.